Mita Mia Moja Kutoka Geti la Shule

Mume wangu alikuwa mtu wa watu. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemweleza habari zangu alianza na hilo. Alikuwa fundi wa pampu za maji, na hapa Morogoro mwenye kisima humheshimu fundi wa pampu kuliko anavyomheshimu daktari. Akitoka nyumbani kwenda msikitini alisalimiwa njia nzima, na kila salamu aliijibu kwa jina la mtu na hali ya watoto wake.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi. Mimi walinisalimu wanafunzi tu.

Hakuwa akinipiga kila siku, na hilo nalo watu walipenda kulisikia. Alinipiga mara saba katika miaka kumi na mmoja. Mara sita za mwanzo nilikuwa nimeanguka bafuni. Bafu letu lilikuwa na sakafu ya saruji iliyokwaruza, isiyoteleza hata ukiimwagia sabuni, lakini hakuna mwalimu mwenzangu aliyewahi kuja kulikagua.

Mara ya saba ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nimetoka Gairo kwenye mafunzo ya walimu ya siku mbili, nimerudi na mfuko wa karanga. Binti yetu, aliyekuwa na miaka tisa, akakaa mkekani kuzimenya. Mume wangu akauliza karanga nimepewa na nani.

"Nimenunua," nikasema. "Gairo kila mtu anauza karanga."

"Nimekuuliza nani kakupa."

Nikarudia kwamba nimenunua. Kofi lilitua kwenye sikio la kushoto, kiganja kikiwa wazi. Nikasikia kama kitambaa kinachanwa, halafu upande ule ukawa kimya na kitu cha moto kikanitiririka shingoni. Yeye akaenda kunawa mikono, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari.

Kilichoniondoa si kofi. Ni binti yangu, ambaye hakushtuka. Aliendelea kumenya. Alimaliza karanga iliyokuwa mkononi, akaitia kwenye bakuli, akaniangalia, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa ngapi:

"Mama, umeanguka bafuni?"

Jumatatu asubuhi nilikuwa kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia. Ofisi ilikuwa na meza moja, viti viwili na askari mwanamke wa makamo aliyeandika kwa kalamu ya bluu, taratibu, bila kufuta neno. Nikamweleza. Alipomaliza kuandika akaniuliza nataka mume wangu aonywe au ashtakiwe.

"Kipi kinamfanya asinipige, afande?"

Akafikiri. Nilipenda kwamba alifikiri.

"Inategemea mtu," akasema. "Kwanza chukua fomu ya matibabu."

Fomu zilikuwa zimekwisha, imebaki moja ya mfano. Nikaenda nayo kwenye duka la vifaa vya ofisi ng'ambo ya barabara kuitoa kopi. Mwenye duka, mama wa makamo, akaiangalia fomu, akaniangalia sikio lenye pamba, akaniuliza nataka kopi ngapi. Nikasema moja. Akanitolea mbili. "Chukua tu," akasema, na hakueleza.

Hospitalini daktari alimulika ndani ya sikio akaandika kwamba ngoma imetoboka. Akanieleza namna ya kulitunza, niliinamishe vipi nikioga, nisipenge kamasi kwa nguvu. Alinieleza haya yote upande wa kushoto. Ilibidi nimwombe ahamie kulia aanze upya.

Tulihamia Kihonda, mimi na binti, kwenye vyumba viwili uani kwa muuguzi mmoja mstaafu. Kwa mama yangu Kinole kungekuwa na nafasi zaidi, na machungwa, lakini mtu hawezi kushuka mlima kila alfajiri akawahi kipindi cha kwanza. Nikaenda kufungua madai ya talaka, nikaambiwa kwamba mahakama haitayapokea mpaka baraza la usuluhishi la kata lijaribu kutupatanisha na lishindwe. Kwa hiyo tukaenda kushindwa.

Baraza lilikuwa la wazee watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, katika chumba chenye benchi na ramani ya wilaya. Mume wangu alikuja amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Sijui nani aliipiga pasi.

"Alikupiga na nini?" mwenyekiti wa baraza akaniuliza.

"Na mkono."

"Mkono mtupu?"

"Mtupu."

Akaandika: mkono mtupu. Akamgeukia mume wangu. "Bwana, unampenda mkeo?"

"Sana, mzee wangu."

Wote watatu wakanitazama kana kwamba shauri limekwisha. Mume wangu akaendelea, bila kuulizwa, kwa upole ule uliomfanya apendwe. Akasema hakatai kwamba mkono ulimtoka. Hakunipiga, alinisahihisha tu. Nilitaka kusema kwamba kusahihisha ni kazi yangu, naifanya kila siku na huwa natumia kalamu nyekundu. Sikusema. Nilisema nataka hati ya kushindwa. Wakatupangia siku nyingine, ili tukafikiri.

Wakati tunafikiri, akaanza kuja shuleni. Hakufanya fujo. Alisimama nje ya dirisha la darasa langu na mfuko wake wa vifaa begani, akanitazama nikifundisha. Wanafunzi, ambao wamefunzwa adabu, walimwamkia. "Shikamoo, baba!" Naye akajibu marahaba, akatabasamu, akabaki palepale. Nilifundisha sehemu na desimali nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo. Nikifuta ubao nilifuta hata yale ambayo sikuwa nimeyamaliza.

Wiki ya pili alinisubiri getini saa ya kutoka, akanishika kifundo cha mkono mbele ya watoto wa darasa la tatu na kukisokota, taratibu, huku akizungumza nami kuhusu kurudi nyumbani. Mtu aliyekuwa mbali angeona mume na mke wameshikana mikono. Mlinzi wa shule hakuwa mbali. Alikuja akasimama karibu yetu sana mpaka mkono wangu ukaachiwa.

Kikao cha tatu cha baraza, nikauweka mkono ule mezani. Ulikuwa umevimba. Yule mama wa barazani, ambaye vikao viwili vyote alikuwa hajafungua mdomo, akasema, "Mpeni hati yake." Nikapewa.

Mahakama ya mwanzo tulimpata hakimu msichana, au mimi nilimwona msichana. Alikuwa na miwani mikubwa na baridi ya feni ilimsumbua, kwa hiyo alivaa sweta. Alisoma hati, fomu ya hospitali na maelezo ya polisi. Niliomba kwamba wakati shauri la talaka linaendelea, mume wangu asinifuate. Akamuuliza kama ana pingamizi. Mume wangu akasema hana pingamizi na sheria, ila anashangaa.

Hakimu akaandika amri. Mume wangu asifike ninapoishi, asifike ninapofanya kazi, asinipigie simu wala kunitumia watu, na asinikaribie chini ya mita mia moja, mpaka mahakama itakapoamua vinginevyo. Mhuri ukapigwa. Niliishika ile karatasi nikasubiri kujisikia nimekingwa. Ilikuwa karatasi moja, imeandikwa upande mmoja.

Yule askari wa dawati ndiye aliyenifundisha kuitumia. "Ikikaa kwenye mkoba haimzuii mtu," akaniambia. "Isambaze. Kila anayekuona kila siku awe nayo. Na akivuka, usimjibu, usibishane, nipigie mimi." Akaniandikia namba yake.

Nikampa kopi mwenyekiti wa mtaa, mwenye nyumba wangu na mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu aliiweka kwenye faili la likizo za uzazi, maana hakukuwa na faili jingine lililokaribia. Ya mwisho nikampa mlinzi. Alikuwa mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miwa kabla ya kuja kwetu. Akaisoma yote, kidole kikifuata mistari, kisha akairudia.

"Mwalimu," akasema, "mita mia ni mpaka wapi?"

Swali zuri. Nimefundisha vipimo kwa miaka mingi na sikuwa na jibu. Wanafunzi walipoondoka tulichukua rula ndefu ya ubaoni, ile ya mbao ya mita moja, tukaanza kupima kutoka getini. Mimi nilihesabu, yeye aliilaza na kuiinua. Mita ya mia iliishia hatua chache kabla ya kukifikia kibanda cha mama anayeuza vitumbua na chai. Mlinzi akaleta jiwe, akalipaka chokaa, akaliweka pale.

Siku iliyofuata mume wangu alikuja, akaliona jiwe, akauliza habari zake, akaelezwa. Akaliepuka kwa heshima, akaenda kukaa kwenye benchi la kibandani, upande wa nje ya mpaka. Akaagiza chai.

Alikunywa chai pale siku tisa za kazi mfululizo. Alikuwa mteja mzuri. Mama wa vitumbua aliniambia mwenyewe, kwa masikitiko. Kutoka darasani nilimwona mdogo kama kidole gumba, amevaa shati lake la kazi, amekaa anatazama. Nikampigia askari. Akaniuliza yuko upande gani wa jiwe. Nikamwambia. Akasema ataliandika hata hivyo, na kwamba niandike na mimi, siku kwa siku. Nikanunua daftari. Niliandika: kaja saa mbili, kaondoka saa sita, hajavuka. Mtu akisoma daftari lile ataona fundi wa pampu aliyependa chai. Haionekani kwamba mwenye daftari alikuwa hali chakula cha mchana, na kwamba binti yake, anayesoma shuleni hapohapo, aliumwa tumbo kila asubuhi ya shule na kupona kila Jumamosi.

Jumamosi moja akaja mama mkwe kutoka Turiani.

Alikuja na kiroba cha mchele wa shambani kwake, akakitua mlangoni. Nikampokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwapatanisha."

Alisema hivyo kama mtu anayesema amekuja kuchota maji. Nikamwekea kiti, yeye akachagua mkeka, akakaa kushotoni kwangu. Akaanza kuzungumza akitazama mlango, kwa sauti ya chini, sauti ya maneno mazito. Nikajua anazungumza kwa sababu mikono ilikuwa ikitembea. Nikamwacha mpaka akanyamaza kungoja jibu.

"Mama, hamia huku," nikasema. "Sikusikia."

"Hujasikia nini?"

"Chochote. Sikio hilo halisikii vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka Gairo."

Hakuhama. Alinishika kidevu, akakigeuza kichwa changu kuelekea mwangani, akaliangalia lile sikio kama anayekagua mpunga kama umekauka. Kwa nje halikuwa na kitu cha kuona. Akaniachia. Kisha akahamia kulia na kuninyooshea mkono wake wa kushoto. Kidole cha mwisho kilipinda kwa nje. Nilikijua tangu nilipoolewa.

"Nilikwambia hiki kilipondwa na mchi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Haukuwa mchi."

Binti yangu akaja kumwamkia bibi yake, akaketi mapajani mwake ingawa alikuwa mkubwa kwa mapaja. Mama mkwe akamsuka nywele nusu kichwa. Halafu akaniuliza, bila kuinua macho:

"Hiyo mahakama yenu, mtu mzee kama mimi anaruhusiwa kuingia?"

Jiwe lilivukwa siku ya kikao cha wazazi. Alifika kwa wakati, jambo ambalo wazazi wengine hawakulifanya. Nilikuwa chumba cha walimu, mlango wazi, nikayaona yote.

"Mimi ni mzazi," akamwambia mlinzi. "Nimeitwa kikaoni."

"Baba, karatasi haisemi mzazi wala fundi," mlinzi akajibu. "Imeandika jina lako."

Mume wangu akamsukuma. Si sana, kiasi cha kumwangusha mzee. Kofia ikaenda upande wake. Kisha akaja moja kwa moja kuelekea chumba cha walimu, hatua za mtu asiye na haraka. Nikamvuta ndani binti, aliyekuwa amesimama mlangoni, nikafunga kwa ufunguo, nikasukuma meza. Aligonga mara tatu, kistaarabu. Akaita jina langu. Akasema anataka kuzungumza tu. Binti yangu aliingia chini ya meza na kushika mguu wangu, na mimi nilipiga ile namba, nikaikosea mara mbili. Askari akauliza neno moja tu.

"Amevuka?"

"Amevuka."

Alikuja kwa bodaboda, na mwenzake kwa nyingine. Wakati huo mume wangu alikuwa amechoka kugonga na ameingia kikaoni. Walimkuta mstari wa mbele, amesimama, anachangia hoja ya vyoo. Alikuwa ameahidi kuitengeneza pampu ya shule bure. Walipomtoa, wazazi wakanung'unika. Mmoja akauliza, kwa haki kabisa, kama wangeweza kusubiri amalize kuhusu pampu.

Alikaa mahabusu, kisha akapelekwa mbele ya hakimu yuleyule, sweta lilelile. Mlinzi alitoa ushahidi akiwa amevaa sare. Nikatoa daftari. Halafu karani akaita shahidi wa mwisho, na mama mkwe akaingia, amejifunga kanga mbili mpya, akaapa, akaangalia huku na huku.

"Wewe ni nani kwa mshtakiwa?" hakimu akauliza.

"Ni mama yake."

"Umekuja upande wake?"

"Hapana. Nimekuja upande wa huyu."

Mume wangu alikuwa amesimama wima muda wote. Pale akashika ukingo wa kizimba.

"Uliona akimpiga mkewe?"

"Sikuona. Alinipigia simu mwenyewe. Alisema, mama, nimempiga mke wangu, amekuwa mkaidi, njoo umrudishe nyumbani. Nikaja. Nikaliona sikio." Akamnyooshea mwanawe mkono. "Mimi nilipigwa na baba yake miaka ishirini. Huyu alikuwa mdogo, alikuwa akinisogezea maji ya kunawia. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema popote. Sasa nasema. Andikeni."

Hakimu alisema habari za baba hazihusiani na shauri. Kisha akainamisha kichwa na kuandika kwa muda mrefu.

Mume wangu alilia. Miaka kumi na mmoja sikuwahi kumwona akilia, na nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Nilijichunguza kama nina furaha, sikuikuta. Nilimwonea huruma yule mtoto wa maji ya kunawia. Aliyesimama kizimbani sikumwonea. Walipoahirisha kwa dakika chache, nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikakaa humo mpaka karani alipoita.

Talaka ilitoka baada ya vikao vingine viwili. Binti alibaki kwangu. Baba yake alipewa adhabu kwa kuvunja amri na kwa kumwangusha mlinzi, na ile amri ikaongezewa muda. Humwona binti yake mara mbili kwa mwezi katika ofisi ya ustawi wa jamii, afisa akiwa chumbani. Mwanzoni walikuwa wanatazamana. Siku hizi, binti ananiambia, wanacheza karata, na baba yake humwibia.

Amehamia upande wa Mtibwa, kwenye visima vya huko, na nasikia anapendwa. Mtaani kwetu wa zamani wako walioacha kuniitikia. Pampu ya shule haikutengenezwa muhula mzima. Wanafunzi walibeba maji kutoka nyumbani kwa madumu, na nikawa najua mzazi gani ananihesabia dumu la mwanawe. Mama mkwe huja baada ya mavuno. Sheria haina jina la tulivyo sasa, mimi na yeye, kwa hiyo anaendelea kuniita mwanangu na mimi naendelea kumpikia. Sikio liliziba sehemu kubwa, si lote.

Kuna mwalimu mwenzangu mmoja wa madarasa ya chini. Ni mcheshi sana, kwenye sherehe za shule ndiye mshereheshaji. Muhula uliopita tulikuwa peke yetu tunasahihisha madaftari, akaniuliza bila kuacha kusahihisha:

"Ile fomu ya polisi unaichukua dirisha gani?"

Nikamtazama. Alikuwa ameweka vema tatu kwenye jibu lisilo sahihi.

"Nauliza kwa ajili ya jirani yangu," akaongeza.

Nikamwambia siyo dirishani, ni ndani, ofisi ya mwisho kushoto, na jirani yake aende asubuhi kabla watu hawajawa wengi. Nikamuuliza kama jirani angependa mtu wa kumsindikiza. Akasema hajui, atamuuliza. Kengele ikalia, akakusanya madaftari yake akaenda darasani, na nikamsikia kwa mbali anawaimbisha watoto.

Kesho yake alinikuta kwenye foleni ya chai.

"Amesema ndiyo," akaniambia.